Namna ya Kuisikiliza Kind of Blue Hadi Ikuingie: Mwongozo kwa Asiye Mwanamuziki

Mara ya kwanza niliposikiliza Kind of Blue, albamu ya jazi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, nilitumia spika ya simu, simu yenyewe imelazwa kifudifudi mezani, nami naosha vyombo. Nikasikia piano ikigonga noti mbili, kimya, ikagonga tena noti mbili, kimya. Nikawa najiuliza wimbo wenyewe utaanza lini. Kabla ya dakika mbili nikazima. Ulipita mwaka na ushei ndipo nikairudia, safari hii kwa hedifoni za kuazima, na katika kile nilichokuwa nimekiita kimya nikamkuta mtu anaimba. Ilikuwa besi. Wimbo wa kwanza wa albamu hii, "So What", umemkabidhi mpiga besi mahadhi yote, na spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito kiasi hicho. Mara ile ya kwanza nilikuwa nimesikia majibu bila maswali yake.

Nimewasikia wengi wakisema jazi ni fujo, kila mtu anapiga lake. Nawaelewa, maana ukiingia katikati ya wimbo bila kujua uko wapi, ndivyo unavyosikika. Lakini kwenye albamu hii, karibu kila wimbo una njia fupi inayozunguka na kujirudia tangu mwanzo hadi mwisho, na wanamuziki wote wanaifuata hata pale wanapoonekana kupotea. Mimi naiita duara. Wao wanaijua kwa moyo, wewe huijui. Tofauti iko hapo tu. Mwongozo huu kazi yake kubwa ni kukufundisha kuliona duara hilo kwa masikio. Huhitaji kusoma noti wala kujua kupiga chombo chochote. Unahitaji kuhesabu hadi nne, na unahitaji siku kadhaa, kwa sababu albamu ina nyimbo 5 na dakika 45 hivi, na hatutazimeza zote kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 1: Andaa vifaa na nafasi

Tafuta hedifoni au spika inayotoa besi. Si lazima iwe ya bei kubwa. Kuijaribu ni rahisi: cheza dakika ya kwanza ya "So What". Utasikia utangulizi wa taratibu wa piano na besi usio na mdundo, kisha kama nusu dakika baadaye besi itaanza kupiga kifungu kifupi chenye mwendo, na piano itakijibu kwa noti mbili. Kama unasikia kifungu cha besi waziwazi kiasi cha kuweza kukiimba, vifaa vinatosha. Kama unasikia majibu tu, badilisha kifaa kwanza. Usiendelee, utajionea albamu mbovu bure.

Hedifoni zivae upande sahihi, L kushoto na R kulia. Katika toleo la stirio, John Coltrane yuko kushoto, Cannonball Adderley kulia, Miles Davis katikati. Wawili wa kwanza wote wanapiga saksafoni, na kwa sikio geni sauti zao zinaweza kuchanganyika. Ukijua nani amekaa wapi, tatizo hilo limekwisha kabla halijaanza.

Sauti usiiweke chini mno. Ukipunguza sauti, masikio yetu hupoteza kwanza zile nzito, kwa hiyo besi ndiyo ya kwanza kuyeyuka. Zima pia ule mpangilio wa programu unaochanganya nyimbo ovyo, kwa sababu hapa mpangilio una maana yake.

Jambo moja kuhusu matoleo. Siku ya kwanza ya kurekodi, moja ya mashine za kanda ilikuwa ikienda polepole kuliko inavyotakiwa. Kanda yake ilipochezwa kwa kasi ya kawaida, nyimbo 3 za mwanzo zikatoka zimeharakishwa kidogo na sauti imepanda kidogo. Santuri ziliuzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30, hadi matoleo ya miaka ya 1990 yaliporekebisha. Kwa kusikiliza tu huenda usione tofauti. Lakini ukijaribu kupiga gitaa sambamba na santuri ya zamani na noti zikakataa kukaa, gitaa lako halina kosa.

Hatua ya 2: Wajue watu 7

Usiruke hatua hii. Solo ya jazi, yaani zamu ya mpigaji mmoja kubuni lake wenzake wakimsindikiza, ni mtu anayezungumza, na hakuna anayefurahia mazungumzo ya watu asiowajua hata mmoja.

Walikutana mara 2 tu kuirekodi, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika studio ya Columbia ya mtaa wa 30 jijini New York. Jengo hilo zamani lilikuwa kanisa, na dari lake refu unalisikia hadi leo: sauti haibanwi, inapanda na kutawanyika. Albamu ikatoka Agosti mwaka huohuo.

Miles Davis, tarumbeta, ndiye kiongozi. Anapiga noti chache na kuacha nafasi kubwa baina yake. John Coltrane anapiga saksafoni ya tenori, ile kubwa kidogo yenye sauti nzito. Ana sauti kavu, ya kukaza, ya mtu anayetafuta kitu na hataki kukiacha. Julian Adderley, aliyejulikana kama Cannonball, anapiga saksafoni ya alto, ndogo na nyepesi zaidi. Yeye ni mchangamfu, sauti yake ina mviringo na utamu, na blues, muziki wa Wamarekani Weusi uliochangia kuizaa jazi, haiko mbali naye kamwe. Bill Evans yuko kwenye piano. Wynton Kelly yuko kwenye piano pia, ila kwa wimbo mmoja tu, "Freddie Freeloader". Jimmy Cobb anapiga ngoma. Paul Chambers anapiga besi, ile kubwa ya mbao inayosimamishwa wima na kudonolewa kwa vidole. Siku ya pili ya kurekodi, 22 Aprili, ilikuwa siku yake ya kuzaliwa; alitimiza miaka 24. Kila ninapoisikia besi ile inavyotembea bila kuyumba hata mara moja, huwa nakumbuka umri huo.

Ukikumbuka wanne inatosha kwa kuanzia: Davis, Coltrane, Adderley, na Chambers.

Hatua ya 3: Jifunze duara

Tenga nusu saa kwa hatua hii peke yake. Ukiipata, zilizobaki zitateremka.

Cheza "So What" hadi mahadhi ya besi yaanze. Besi inauliza kwa kifungu cha noti kadhaa, na noti mbili zinaijibu, ndefu kisha fupi, kama watu kanisani wanavyoitikia "aa-mina". Mwanzo anayejibu ni piano peke yake, baadaye tarumbeta na saksafoni mbili zinaungana naye. Gonga kidole mezani kufuata mwendo: moja, mbili, tatu, nne. Mapigo hayo 4 tuyaite fungu moja. Mafungu 8 tuyaite ubeti. Beti 4 ndizo duara zima.

Ili usipotee katika kuhesabu mafungu, hesabu hivi: MOJA-mbili-tatu-nne, MBILI-mbili-tatu-nne, TATU-mbili-tatu-nne, hadi NANE. Ukifika nane, ubeti umekwisha, unaanza upya.

Sasa sikiliza beti hizo 4 zinavyopangwa. Wa kwanza uko nyumbani. Wa pili ni uleule, bado nyumbani. Wa tatu kila kitu kinapanda ngazi moja ndogo, besi, majibu, vyote. Ni kifungu kilekile kimenyanyuliwa, kama mtu aliyesimama kwenye kistuli. Kwenye piano ni sawa na kuhama kutoka kibonye cheupe hadi cheusi kinachogusana nacho upande wa kulia. Wa nne unashuka na kurudi nyumbani. Nyumbani, nyumbani, juu, nyumbani. Rudia dakika hii moja ya mahadhi mara 4 au 5 hadi uweze kuubashiri ule mpando kabla haujafika. Kama hesabu inakushinda, iache, na ukae ukiusubiri mpando tu. Ukiudaka, hesabu itakuja yenyewe.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni hili: mahadhi yakiisha, duara haliishi. Davis anapoanza kupiga solo, chini yake beti zilezile 4 zinaendelea, kwa urefu uleule, na mpando ukija mahali palepale. Coltrane akipokea, ni hivyohivyo. Duara moja huchukua sekunde 55 hivi, na wimbo mzima ni kulizunguka tena na tena. Aliyezoea kusoma mashairi ataelewa haraka. Mshairi huwa huru kusema alitakalo, lakini mizani na kina viko palepale, na msomaji husubiri kina kitue.

Hatua ya 4: Sikiliza "So What" mara 4, kila mara na mtu mmoja

Usizisikilize zote siku moja. Kila mzunguko una kazi yake.

Mzunguko wa kwanza ni wa besi. Fuata Chambers tangu mwanzo hadi mwisho na usimwache hata wengine wakipiga kelele kiasi gani. Mahadhi yakimalizika, besi inaacha kuuliza na kuanza kutembea: noti moja kwa kila pigo, bila kukoma, dakika baada ya dakika. Noti hizo ndizo saa yako. Ukipotea kwenye solo ya Coltrane, ambako utapotea, rudi kwenye besi na usubiri mpando. Nina hakika mtu anayejifunza kufuata besi kwanza huipenda jazi haraka kuliko anayekimbilia tarumbeta.

Mzunguko wa pili ni wa kujua nani anapokea kutoka kwa nani. Dakika ninazotaja zinaweza kupishana sekunde chache kwa toleo lako. Karibu 1:31 Davis anaanza, na anapiga maduara 2. Karibu 3:25 anaingia Coltrane upande wa kushoto, maduara 2. Karibu 5:16 Adderley upande wa kulia, naye 2. Kisha, muda mfupi baada ya dakika ya 7, Evans anapata duara moja la piano, na mahadhi ya besi yanarudi kufunga wimbo. Msikilize Evans kwa makini kidogo: nyuma yake wapulizaji wanapiga zile noti mbili za "aa-mina". Mwanzoni piano ndiyo iliyoanza kuitikia, na sasa inaitikiwa.

Mzunguko wa tatu, tulia kwenye 1:31. Mahadhi yanaisha, Davis anapiga noti zake za kwanza, na Jimmy Cobb anaangusha fimbo kwenye toazi kwa nguvu. Toazi linalia na halinyamazi. Linaning'inia hewani, linafifia polepole kama mawimbi ya jiwe lililotupwa kisimani, na chini yake besi imeshaanza kutembea. Kuna watu wanaoupenda wimbo huu kwa sababu ya sekunde hizo chache, na mimi ni mmoja wao. Baada ya hapo msikilize Davis anavyotamka kifungu kifupi, akanyamaza, akatamka kingine. Jaribu kitu: kila akinyamaza, wewe malizia kichwani noti unazodhani zitafuata. Mara nyingi atakwenda kwingine, na kwingineko kutakuwa kuzuri kuliko ulikodhani.

Hapohapo mlinganishe na Coltrane. Beti ni zilezile, ngazi ya noti ni ileile, ila yeye haachi nafasi. Anaanza kwa utulivu, kisha noti zinazidi kusongamana, anakipindua kifungu kimoja, anakirudia, anakipindua tena. Adderley akija, hewa inabadilika kabisa, ni kama mtu ameingia chumbani akicheka. Watu watatu wamepewa njia moja na kila mmoja akaipita kivyake. Huo ndio utamu wa jazi nilioshindwa kuuona mwanzoni, kwa kuwa nilidhani solo ni maonyesho ya ufundi.

Mzunguko wa nne usihesabu chochote. Keti tu.

Kwa anayetaka kujua kwa nini wimbo huu una nafasi kubwa hivi, sababu inaelezeka. Katika jazi iliyotangulia, mpiga solo alikuwa na makundi ya noti za piano yanayobadilika haraka chini yake, mara nyingine mara mbili ndani ya fungu moja, na ilimbidi ayakimbize. Hapa Davis alitumia skeli moja, yaani ngazi moja ya noti, kwa beti 2 nzima, nyingine kwa ubeti wa tatu, basi. Ukibonyeza vibonye vyeupe tu vya piano kuanzia D hadi D inayofuata, umezipiga noti zote za nyumbani za "So What". Alikuwa ameshalijaribu wazo hilo mwaka 1958 kwenye wimbo wake "Milestones". Kwa kuwa hakuna cha kukimbiza, mpigaji anabaki na swali gumu zaidi: una la kusema?

Hatua ya 5: "Freddie Freeloader", duara la pili

Wimbo huu ni mwepesi, na naupendekeza kwa siku uliyochoka. Ni blues ya mafungu 12. Yagawe mara tatu, 4 kwa 4 kwa 4: wazo linasemwa, linarudiwa kwa mkao tofauti kidogo, kisha linajibiwa. Katika blues nyingi mafungu 2 ya mwisho hurudi nyumbani kutulia. Hapa mahadhi hayarudi. Yanabaki yamening'inia, na hiyo ndiyo alama yako kwamba duara linafungwa.

Mpiga piano ni Wynton Kelly, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mpiga piano wa kawaida wa bendi. Evans alikuwa ameshaondoka, akaitwa kwa ajili ya albamu hii. Kelly anapiga solo wa kwanza, na inachezeka. Ukitaka kusikia jinsi mpiga piano anavyobadilisha tabia ya bendi nzima, sikiliza solo ya Kelly hapa, kisha rudi kwa Evans kwenye wimbo uliotangulia. Chambers naye anapata solo mwishoni, na ukishamfuata kama nilivyosema, utaifurahia kama mafanikio ya rafiki.

Hatua ya 6: "Blue in Green", acha kuhesabu

Nimesisitiza kuhesabu, na sasa nakuomba uache. Duara la wimbo huu lina mafungu 10, idadi isiyo ya kawaida, na wapigaji wanalibana na kulitanua kiasi kwamba hesabu itakuchosha bila faida. Adderley hapigi kabisa. Davis ameweka kiziba cha chuma kwenye mdomo wa tarumbeta, akausogelea maikrofoni, na sauti inatoka nyembamba, kavu, ya karibu, kama mtu anakunong'oneza. Fuata pumzi yake. Sikiliza noti inavyoanza na, zaidi ya hapo, inavyoisha. Nyingi zinaisha kwa kukatika kidogo badala ya kuzimwa kwa usafi.

Sikiliza usiku, taa zikiwa zimezimwa. Ni dakika 5 na nusu tu. Kwenye jalada wimbo umeandikwa kuwa wa Davis, lakini Evans alisema ni wake, na ukisikia jinsi piano inavyoufungua na kuufunga ni vigumu kutomwamini.

Hatua ya 7: Geuza santuri

Nyimbo 3 za mwanzo zilikuwa upande wa kwanza wa santuri na 2 za mwisho upande wa pili. Hata ukitumia simu, pumzika hapa. Inuka, kunywa maji. Masikio huchoka kama macho, na "All Blues" ina dakika 11 na nusu.

Katika "All Blues" mapigo yanakwenda kwa 6 badala ya 4, kwa hiyo mwili wako utayumba badala ya kutembea. Mwache uyumbe. Duara ni blues ya mafungu 12 kama ya "Freddie Freeloader", na kati ya mpigaji na mpigaji kuna mapumziko mafupi ambapo wale watatu wa chini, piano, besi na ngoma, wanazungusha kifungu kimoja. Chambua tabaka moja moja mwanzoni kabisa: besi inazungusha kifungu chake, piano inatetemesha noti, saksafoni mbili zinavuma kwa chini, na tarumbeta yenye kiziba inaelea juu ya vyote. Davis akianza solo anakitoa kiziba. Ipate sekunde hiyo. Sauti ile iliyokuwa ya kunong'ona inafunguka ghafla na kulijaza kanisa.

Katika tawasifu yake iliyochapishwa 1989, Davis alisimulia kwamba aliwaona wasanii wa Les Ballets Africains kutoka Guinea, akasikia kalimba ikipigwa, na kwamba katika albamu hii alikuwa akiitafuta sauti ile pamoja na kumbukumbu za nyimbo za kanisani alizozisikia Arkansas utotoni. Akasema hakuipata. Huwa nausikiliza mtetemo wa piano mwanzoni mwa "All Blues" nikiwaza kalimba, na ukifanya hivyo nawe wimbo utakusogelea zaidi, hata kama mwenyewe aliona amekosea shabaha.

"Flamenco Sketches" umewekwa mwisho, na nadhani ni kwa sababu unavunja kanuni niliyokufundisha. Hauna mahadhi yaliyotungwa, wala duara lenye urefu maalumu. Wana skeli 5 zilizopangwa kwa mfuatano, nami nazifikiria kama vyumba 5 vya nyumba moja. Kila mpigaji anapita chumba baada ya chumba na kukaa humo kadiri anavyotaka. Akiona inatosha, anahamia kinachofuata, na wenzake inabidi wahisi kwamba anahama ili wahame naye. Chumba cha nne utakitambua bila msaada: kina rangi ya Uhispania, giza kidogo, na ndicho kilichoupa wimbo jina. Kisubiri kwa kila mmoja wao: Davis, Coltrane, Adderley, Evans, kisha Davis tena. Angalia nani anakimbilia kutoka na nani anakawia. Besi ya Chambers hapa inapiga noti chache, na zile chache ndizo milango.

Hatua ya 8: Isikilize nzima, kisha itumie vibaya

Baada ya siku kadhaa za kuchambua, tenga dakika 45 na uicheze yote bila kazi yoyote. Usilazimishe hisia. Akili ikizurura, iache, ikirudi itaikuta besi iko palepale. Kuna siku sehemu kubwa itapita bila kukugusa, na hilo si ushahidi kwamba jazi haikufai.

Kisha sasa, na ninasema sasa kwa makusudi, unaweza kuicheza ukipika, ukiendesha gari, ukifanya kazi. Wengi huanzia hapo, nami ndipo nilipoharibu mwanzo wangu. Albamu hii haipigi kelele kuomba usikivu, kwa hiyo ukiiweka nyuma ya shughuli kabla ya kuijua, inageuka kuwa mapambo ya ukuta. Ukiijua, hata ukiwa umeshika kisu na kitunguu, ule mpando wa ubeti wa tatu utakugusa bega.

Ukikwama

Kama solo zote bado zinafanana, imba. Chukua sekunde 10 za mwanzo za Davis kwenye "So What", zirudie hadi uweze kuziimba hata kwa kukosea. Mdomo hufundisha sikio kuliko maelezo yoyote, yakiwemo haya yangu. Ukiweza sekunde 10, ongeza 10.

Kama unachoshwa na urefu, acha kufuata solo na umfuate Cobb. Hapati solo hata moja katika albamu nzima. Kazi yake kubwa ni lile toazi, ting, ting-ti-ting, na vigongo vidogo vinavyochomoza pale mpuliziaji anapovuta pumzi. Alikuwa wa mwisho kuondoka duniani kati ya wale 7, Mei 2020.

Kama unahisi unapaswa kuipenda kwa sababu inasifiwa, sahau sifa. Ni kweli mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kuienzi bila kura hata moja ya kupinga. Azimio halikusaidii kuisikia besi.

Pa kwenda baada ya hapo

Usitafute orodha za albamu 100 bora. Mfuate mtu uliyempenda. Aliyevutwa na Adderley aende kwenye Somethin' Else ya 1958, ambayo ni albamu yake, na humo Davis ndiye mgeni. Aliyependa namna chumba kile cha mtaa wa 30 kinavyosikika atafute Time Out ya Dave Brubeck na Mingus Ah Um ya Charles Mingus. Zote zilirekodiwa katika studio hiyohiyo, mwaka huohuo wa 1959. Aliyevutwa na Coltrane aende Giant Steps, ambayo sehemu yake kubwa aliirekodi kama wiki 2 tu baada ya "Flamenco Sketches". Jiandae: wimbo unaobeba jina la albamu ni kinyume kabisa cha "So What", noti za chini zinabadilika kwa kasi ya kutisha na Coltrane anazikimbiza zote. Kwa hiyo usianzie hapo. Nenda kwanza kwenye "Naima". Utawakuta Wynton Kelly kwenye piano, Jimmy Cobb kwenye ngoma, na kwa sehemu kubwa ya mahadhi, chini kabisa, Paul Chambers akiishikilia noti ileile moja.